Kwa sato wa ufukweni, fimbo ndefu isiyo na rili inatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, jambo ambalo kwa muda sasa naona linawapotezea watu fedha bila sababu, nalo ni namna tunavyochagua fimbo za kuvulia samaki kwa ndoano. Ukipita asubuhi au jioni kwenye miamba ya Luchelele, au ukienda upande wa Igombe na Kayenze, utawakuta vijana, wastaafu na wanafunzi wa vyuo wameshika fimbo, wengine wakitafuta kitoweo cha nyumbani na wengine wakipumzisha akili. Jambo hilo ni jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kumwona mtu ametoa fedha aliyoichanga kwa shida, akanunua seti inayong'aa yenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), chambo cha plastiki na kisanduku chake, halafu baada ya wiki chache rili imekwama, pete za kupitishia mshipi zimeng'oka, fimbo imetupwa uvunguni, na mwenyewe ameshaamini kwamba uvuvi wa ndoano ni mchezo wa wenye nazo.

Hoja yangu ni kwamba mtu anayevua sato akiwa amesimama nchi kavu hahitaji rili wala fimbo ya gharama. Anachohitaji ni fimbo ndefu, nyepesi kiasi cha kushikika kwa muda mrefu bila mkono kuchoka, inayopinda taratibu kuanzia nchani, na mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha hiyo. Fimbo ya namna hiyo, iliyotengenezwa kwa fibaglasi na ambayo vipande vyake huchomolewa kimoja kutoka ndani ya kingine, huwa miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa dukani, kwa sababu haina pete wala mahali pa kufungia rili. Vitu hivyo viwili, pamoja na rili yenyewe, ndivyo vinavyoharibika kwanza katika vifaa vya bei rahisi, kwa hiyo anayevikosa hajapoteza kitu.

Ili hoja yangu ieleweke, sina budi kuanza na samaki mwenyewe. Sato hupendelea maji ya kina kifupi karibu na ukingo, ambako hula mwani, wadudu na mabaki ya mimea. Dume huchimba kiota chake kwenye mchanga au tope, na jike hubeba mayai na vifaranga kinywani. Mvuvi wa ufukweni, basi, hana haja ya kurusha ndoano mbali kuelekea katikati ya ziwa. Kazi yake ni kuivusha juu ya ule ukanda wa majani na mawe ulio mbele yake, mita tatu au nne hivi, na kuituliza hapo bila kishindo. Rili ilibuniwa kwa ajili ya umbali, na kwa ajili ya samaki mkubwa anayekimbia na kuhitaji kuachiwa mshipi. Kwa sato wa ukingoni, mara nyingi kazi hizo mbili hazipo.

Zaidi ya hapo, kinywa cha sato ni kidogo na ulaji wake ni wa kudonoa. Mwangalie mvuvi mzoefu akiwa kazini pale kwenye miamba. Boya lake, ambalo mara nyingi ni kipande tu cha kandambili kuukuu kilichokatwa kwa wembe, haliendi chini kwa ghafla. Kwanza linatetemeka, viduara vidogo vinatokea majini, kisha linatulia kabisa kiasi kwamba mgeni angedhani samaki ameondoka. Baadaye linaanza kusogea upande, polepole, na hapo ndipo mvuvi anaponyanyua fimbo kwa kifundo cha mkono tu, bila kuruka wala kuvuta kwa nguvu. Ncha inapinda, sato anageuza ubavu wake na kuzunguka duara, na mpindo wa fimbo ndio unaomchosha. Fimbo fupi na ngumu haiwezi kufanya kazi hiyo. Ukinyanyua kwa nguvu kidogo tu, ndoano inachomoka kinywani au mshipi unakatika.

Wanaofuatilia mambo haya kwenye intaneti watakuwa wameona fimbo nyingi nyepesi zikitangazwa kwa ajili ya samaki aitwaye krapi, ambaye ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Hatuna krapi katika ziwa letu, lakini fimbo zake zina mengi ya kutufundisha. Kinywa cha krapi ni laini, ngozi yake huchanika upesi, na kwa sababu hiyo wavuvi wa Marekani humtafutia fimbo yenye ncha laini, mara nyingi ndefu, pamoja na mshipi wa ratili 4 hadi 8, yaani takriban kilo 2 hadi 3.5. Sifa hizo zinakaribiana sana na zile tunazozihitaji hapa. Tofauti ni kwamba kinywa cha sato ni kigumu zaidi na mvutano wake ni mkali kuliko wa krapi wa ukubwa huohuo, hivyo fimbo inayomfaa sato iwe na nguvu kiasi kuanzia katikati kushuka shinani. Ikiwa laini tangu nchani hadi kishikioni, samaki atakupeleka kwenye mawe kabla hujamgeuza.

Urefu nao una sababu nyingine ambayo ni ya hapa kwetu na ambayo sijaona ikitajwa na wauzaji. Kichocho kipo katika ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi katika majani ya ukingoni, na humwingia mtu kupitia ngozi anapokuwa amesimama majini. Mwenye fimbo fupi hulazimika kukunja suruali na kuingia majini hadi magotini ili ndoano yake ivuke majani. Mwenye fimbo ya mita 3.6 au 4.5 hubaki juu ya jiwe, miguu yake ikiwa mikavu. Tena maeneo mengine ya ufuko wetu yana mamba na viboko, na wakazi wa visiwani na vijiji vya ziwani hawahitaji kuelezwa na mimi kuhusu hilo. Kwa hiyo ninapowasihi watu wanunue fimbo ndefu, sizungumzii samaki tu.

Hata hivyo, urefu una kikomo chake. Katika fibaglasi ya bei nafuu, fimbo ikizidi mita 4.5 huanza kuelemea, ncha huning'inia, na upepo unaovuma kutoka ziwani wakati wa mchana huiyumbisha kiasi kwamba huwezi kujua kama ni samaki au ni upepo. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua ya mita 3.6, na kwa mtu mzima aliyezoea, ya mita 4.5. Mara nyingi urefu huandikwa kwa sentimita kwenye shina, kwa hiyo ukiona namba 360 au 450 ujue ndiyo hiyo. Usitosheke na maandishi hayo. Mwombe muuzaji aivute yote hadi mwisho, kisha uishike kwa mkono mmoja ikiwa imelala sambamba na ardhi huku mkiendelea kuzungumza bei. Ikiwa mkono umeanza kuchoka kabla hamjaafikiana, irudishe.

Kuhusu malighafi, mnunuzi atakutana na mambo matatu. Mwanzi ni wa bei ya chini kuliko vyote, na ukichaguliwa ulionyooka, ukakaushwa kivulini pole pole ukiwa umening'inizwa, ni kifaa cha kuheshimiwa kabisa. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuukunja ukapanda nao daladala. Fibaglasi ni nzito kuliko kaboni lakini huvumilia kugongwa kwenye mawe, kukanyagwa na kufungwa kwenye baiskeli, na kwa ufuko wa mawe kama wa Mwanza uvumilivu huo una thamani kubwa. Kaboni ni nyepesi na hupeleka mtikisiko mdogo hadi kiganjani, lakini ikigongwa jiwe hupata ufa usioonekana, na siku utakapompata samaki mzuri hukatika pale pale. Neno kaboni likiandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye fimbo ya bei ya kutupa, halikuhakikishii kiasi cha kaboni kilichomo. Amini uzito unaousikia mkononi.

Kuna jambo jingine kuhusu kaboni ambalo ningependa wazazi walisome mara mbili. Kaboni hupitisha umeme. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na dhoruba zake huweza kufika haraka kuliko mtu anavyoweza kukusanya vitu vyake. Fimbo ya kaboni iliyoinuliwa juu ya mwamba wakati wa radi, au iliyobebwa wima chini ya nyaya za umeme, ni hatari ya kifo. Fibaglasi kavu haipitishi umeme namna hiyo, lakini ikilowa nayo si ya kuaminika, na mshipi uliolowa vilevile. Ukisikia ngurumo, ilaze fimbo chini, uiache na uondoke kwenye maji. Mtoto anayetumwa kununua fimbo yake ya kwanza anunuliwe ya fibaglasi au mwanzi, na aambiwe habari hii kabla hajaambiwa habari za chambo.

Sasa niingie dukani pamoja na mnunuzi, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Baada ya kuvuta vipande vyote, mwombe muuzaji ashike ncha kwa vidole viwili huku wewe ukinyanyua shina taratibu. Mpindo unatakiwa uanzie nchani na ushuke polepole kuelekea katikati. Ukiona fimbo imejikunja mahali pamoja kama kiwiko, hapo ndipo itakapovunjikia. Sikiliza pia: fimbo nzima hupinda kimya, na ile yenye ufa au viungo vilivyolegea hutoa mlio mdogo wa kukwaruza. Pitisha kidole kuzunguka mdomo wa kila kipande, pale ambapo kipande chembamba hutokea, kwa sababu nyufa za fibaglasi huanzia hapo. Ukihisi nyuzi zinazochoma au mahali palipoinuka, usiichukue hata ukipunguziwa bei.

Kisha tazama ncha yenyewe. Kwa fimbo isiyo na rili, mara nyingi huwa na kipande kifupi cha uzi mnene kilichogundishwa, na mshipi hufungwa hapo. Kivute kwa nguvu ya kadiri mbele ya muuzaji, kwani gundi mbaya huachia siku ya kwanza, ingawa kwa kweli hilo linarekebishika nyumbani kwa gundi nzuri na uzi. Mwisho fungua kifuniko cha shinani. Kikiwa cha kufunguka kwa kuzungusha, utaweza kuvitoa vipande vyote, kuviosha mchanga, kuvikausha, na kubadilisha kimoja kikivunjika. Kifuniko kilichogundishwa kabisa maana yake ni kwamba kipande kimoja kikivunjika, fimbo yote imekwisha. Binafsi ningelipa zaidi kidogo kwa sababu ya kifuniko hicho kuliko kwa sababu ya rangi au jina lolote.

Sisemi kwamba rili haina mahali pake. Anayevua kwenye gati au mahali ambapo kina ni kirefu karibu na ukingo, au anayevua akiwa ndani ya mtumbwi, anaweza kuihitaji. Huyo naye asinunue seti iliyofungwa pamoja bila kuikagua. Achague fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1 iliyoandikwa kuwa nyepesi, asome kiwango cha mshipi na uzito wa chambo vilivyoandikwa juu ya kishikio, kisha apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete hiyo ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wake kidogo kidogo bila yeye kujua. Pete zitikiswe kwa kidole. Zikicheza dukani, ziwani zitang'oka. Rili izungushwe nayo, tena kwa kugeuza mpini mbele na nyuma, na yenye mchezo mkubwa iachwe.

Fedha inayobaki baada ya kununua fimbo rahisi iende kwenye mshipi na ndoano, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomgusa samaki. Mshipi mzuri wa nailoni, mwembamba, wenye uwezo wa kilo 2 au 3, unatosha kabisa kwa sato wa ukingoni, na uwe dhaifu kuliko fimbo ili likitokea la kutokea ukatike wenyewe na kuiacha fimbo ikiwa nzima. Urefu wake uwe sawa na fimbo au upungue kwa kiganja, ili samaki akinyanyuliwa aje mkononi mwako. Ndoano ziwe ndogo, namba 8 au 10, na anayeanza akumbuke kwamba katika namba hizo, namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Chubwi iwe ndogo kiasi cha kulisimamisha boya tu. Wengi wetu tunaweka risasi nzito mno, sato anausikia uzito na kutema. Kwa chambo, nyungunyungu au ugali uliokandwa hadi ukawa mgumu vinafanya kazi, wala hakuna haja ya vile visamaki vya plastiki vinavyokuja kwenye seti. Na mabaki ya mshipi yarudi nyumbani mfukoni, kwa sababu nailoni haiozi upesi, na nimemwona mnandi akihangaika na uzi uliomfunga mguu hadi akashindwa kuruka.

Lazima niseme pia kazi ambazo fimbo hii haiziwezi. Kambare mkubwa, kamongo na sangara hawavuliwi kwa fimbo ya sato. Wataivunja, au watakata mshipi na kuondoka na ndoano yako. Sangara anaweza kupita kilo 100, na wanaomvua kwa ndoano kama mchezo, kwa mfano katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, hutumia mashua na fimbo nene zenye rili imara. Ukimpata gogogo, mshike kwa uangalifu, kwani miiba ya mapezi yake huchoma vibaya. Kuhusu sheria, sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, na hapa fimbo ina faida kubwa ambayo kokoro na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki), zilizopigwa marufuku, hazina: samaki mdogo anarudishwa majini akiwa hai, na jike mwenye mayai kinywani vivyo hivyo. Chora alama ya sentimita 25 kwa rangi kwenye shina la fimbo yako, nawe utakuwa na kipimo kila uendako. Asisogee mtu na fimbo kwenye eneo la Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane bila ruhusa, na yeyote anayekusudia kuuza anachokipata azungumze kwanza na ofisa uvuvi wa eneo lake kuhusu leseni.

Nina ombi kwa wafanyabiashara wa vifaa vya uvuvi katika jiji letu. Wengi wao ni watu waungwana wanaojua kazi yao, lakini bado yako maduka ambayo fimbo huning'inizwa zikiwa zimefungwa ndani ya nailoni, na mteja akiomba kuivuta huambiwa kwamba akishaifungua ameinunua. Naomba utaratibu huo uachwe. Iwekwe fimbo moja ya kila aina ambayo mteja anaruhusiwa kuivuta, kuipinda na kuifungua kifuniko. Vilevile viuzwe vipande vya akiba, hasa kile cha nchani na kinachokifuata, kwa sababu ndivyo vinavyovunjika zaidi. Kwa sasa mtu aliyevunjikiwa ncha ya urefu wa nusu mita hulazimika kununua fimbo nyingine nzima, na wengi, hasa wanafunzi, huishia hapo na kuacha kabisa. Mfanyabiashara atakayeanza kuuza ncha za akiba atapata wateja kutoka Luchelele hadi Kayenze, nami nitakuwa mmoja wao.

Wako,
Mvuvi wa ndoano,
Luchelele, Mwanza.